Mwanafunzi wa Mninga

Nchi ya Mlingano usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walifika huko mara mbili, wakaombwa wasubiri kidogo nje, na mpaka leo wapo kwenye benchi. Wala usichungulie dirishani kwako ukadhani umeiona, maana inayofanana nayo si lazima iwe yenyewe. Inatosha kujua kwamba ni nchi tulivu, ina wimbo mzuri wa taifa, na watu wake wote ni sawa kwa amri.

Katika nchi hiyo, kata ya Kitopeni, aliishi fundi seremala aitwaye Chilumba. Chilumba alikuwa mtu wa kuamini. Redio ya Serikali ikitangaza mvua, yeye alitoka na mwavuli, na jua likimchoma njiani alijiona mwenye kosa yeye. Alikuwa na mke, Bi Asumini, na binti mmoja tu, Sikudhani, aliyezaliwa mkono wake wa kulia ukiishia kwenye kiwiko. Mtoto huyo alikuwa mchangamfu na msemaji kupita kiasi, na kwa mkono wake wa kushoto alikuwa akimshikia baba yake mbao karakanani tangu ana miaka minne. Hakuwa na makuu. Alitaka kwenda shule. Baba yake alimwahidi kwamba atakwenda, na ahadi hiyo ndiyo iliyowatia wote wawili matatani.

Kila mwezi wa kwanza, Mlingano nzima hushika masikio. Mtoto husimamishwa mbele ya Afisa Masikio wa Kata, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa mpaka upande wa pili. Akiligusa sikio la kushoto, amefikisha umri, anaandikishwa darasa la kwanza. Asipoligusa, bado ni mdogo, arudi nyumbani akakue. Utaratibu huo ulianza zamani, watu walipokuwa hawana vyeti vya kuzaliwa. Baadaye vyeti vilikuja, vizuri, vya karatasi ngumu na muhuri mwekundu, lakini wakati huo tayari kulikuwa na Kurugenzi ya Masikio yenye magari kumi na moja, na hakuna Serikali yenye akili inayovunja kurugenzi yenye magari.

Afisa Masikio wa Kitopeni aliitwa Bwana Mkwabi. Alivaa tai fupi, na yeye mwenyewe alikuwa na masikio makubwa ya kutosha cheo chake.

"Shikamoo, Bwana Afisa," Sikudhani alimwamkia zamu yake ilipofika. Alikuwa na miaka saba.

"Marahaba. Pitisha mkono."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Huu umeishia hapa," mtoto akasema, akamwonyesha.

"Basi hujafikisha umri. Mwingine!"

Chilumba akasogea mbele na cheti cha kuzaliwa. Bwana Mkwabi alikisoma chote, akaupapasa muhuri kwa heshima, akakirudisha. "Hiki kimeandikwa na mtu, Fundi. Mtu hudanganya. Wewe umewahi kuona sikio likidanganya?"

Kabla baba hajajibu, Sikudhani alipitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, akalikamata sikio lake la kulia, akalivuta mpaka likawa jekundu. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi. Bwana Mkwabi hakucheka.

"Fundi, sikiliza. Kanuni ni mkono wa kulia, kwa watoto wote, bila ubaguzi. Nikimkubalia huyu kwa kushoto, hawa wengine nitawaambia nini? Huo ni upendeleo. Unataka mwanao apendelewe?"

Chilumba aliona haya. Alikuwa mzalendo, na hapo alijikuta karibu kabisa na kuomba upendeleo hadharani. Akaomba radhi, akamshika mwanawe, wakarudi nyumbani, na njia nzima Sikudhani hakusema neno. Hilo ndilo lililomuuma baba, maana hakuwa amezoea kutembea na mtoto huyo kimya kimya.

Mwaka uliofuata ilikuwa vilevile. Safari hii Chilumba alipiga moyo konde, akaiandikia Tume ya Usawa malalamiko, ukurasa mmoja na nusu, akieleza kwamba binti yake ni mlemavu na amenyimwa shule. Tume, lazima tuitendee haki, ilijibu upesi. Baada ya miezi minne lilifika lori la saruji na mafundi sita, wakajenga kwenye mlango wa shule ya msingi Kitopeni njia ya mteremko, laini, yenye vyuma vya kushikilia pembeni. Bango nalo likabandikwa: SASA WALEMAVU WOTE WANAINGIA SHULE. Sikudhani aliishuka na kuipanda mara tatu kwa miguu yake, ambayo haikuwa na tatizo lolote, kisha mlinzi akamwambia inatosha, na tangu siku hiyo mbuzi wa mwalimu mkuu ndio walioifaidi, kwa sababu saruji ilikuwa na baridi nzuri mchana.

"Wametujali," Chilumba alimwambia mkewe.

"Wamewajali mbuzi," Bi Asumini akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Hapo ndipo fundi alipopata wazo lake. Sisi tunaoijua hadithi hii mpaka mwisho hatuwezi kumlaumu, kwa sababu lilikuwa wazo la upendo. Alikuwa na kipande cha mninga alichokihifadhi miaka mingi, mbao nyekundu isiyo na kifundo hata kimoja, aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kitanda cha harusi ya Sikudhani. Akakitoa na kuchonga mkono. Alichonga kwa miezi mitano. Aliuwekea vidole vitano vyenye bawaba ndogo, kucha moja moja, hata mistari ya kiganja, na mikanda ya ngozi aliyoikata kwenye begi lake la zana ya kuufungia kwenye kiwiko. Mtoto akiinua bega, mkono uliinuka. Akilizungusha, mkono ulipita juu ya kichwa na kidole cha kati kikagota kwenye sikio la kushoto, to! Siku ulipokamilika, Sikudhani aligusa sikio lake tangu asubuhi mpaka jioni, na baba yake akakaa juu ya rundo la maranda akilia kwa furaha.

Mwezi wa kwanza ukafika. Sikudhani, miaka tisa, akasimama mbele ya Bwana Mkwabi, akainua bega. To!

Afisa aliiweka kalamu chini. Akamwita mwalimu mkuu, Mwalimu Tegemea, mtu mwembamba aliyeogopa kila kitu chenye karatasi. Wakanong'onezana. Kanuni ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena.

"Fundi," Bwana Mkwabi akasema, "kilichogusa sikio ni nini?"

"Ni mkono, Bwana Afisa."

"Wa kulia?"

"Wa kulia kabisa."

"Mtoto huyu alizaliwa nao?"

"Hapana. Nimeuchonga mimi."

"Vizuri. Serikali inapenda watu wa kweli." Akachovya kalamu. "Mtoto hakugusa sikio. Mkono ndio uliogusa. Aliyefikisha umri, kwa hiyo, ni mkono. Hongera, Fundi, mkono wako umeandikishwa darasa la kwanza."

Chilumba alicheka, akidhani ni utani wa wakubwa. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Mwalimu Tegemea, kwa upande wake, alishusha pumzi, maana aliagizwa kuandikisha watoto tisini na sita na alikuwa na tisini na watano, na hakuna mahali kanuni iliposema kwamba mwanafunzi sharti apumue. Kwenye daftari la mahudhurio akaandika: Mkono Chilumba.

Ndivyo mkono ulivyoanza shule. Bi Asumini aliushonea sare, yaani mkono mmoja wa shati, akiuma midomo kwa hasira huku akishona. Kila asubuhi Sikudhani aliubeba mpaka mlangoni, akamkabidhi kiranja, kisha akazunguka nyuma ya darasa, akakaa chini ya dirisha akisubiri saa ya kutoka ili aurudishe nyumbani. Mwalimu akiita majina, kiranja aliuinua mkono juu. "Mkono Chilumba!" "Yupo!" Ulikuwapo kweli. Watoto wengine waliugua, walitumwa kuteka maji, walirudishwa kwa kukosa viatu. Mkono haukukosa hata siku moja. Ripoti yake ya mwaka wa kwanza ilisomeka hivi: "Mtulivu. Msafi. Hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Ajitahidi kushiriki." Na kwa kuwa Mlingano alama hutolewa kwa mahudhurio, usafi na ukimya, ulishika nafasi ya kwanza katika wanafunzi tisini na sita, ukapewa zawadi ya sabuni.

Chilumba alitafuta namna ya kujivunia. Alijiambia kwamba mkono ni wa Sikudhani, na Sikudhani ni wake, kwa hiyo kwa hesabu fulani mtoto yuko shule. Hesabu hiyo aliifanya kila siku, na kila siku ilimgomea.

Lakini chini ya dirisha lile mambo yalikuwa yakiendelea. Siku moja, katika mwaka wa tatu, Bi Asumini alirudi na vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti. Sikudhani akalinyoosha lile gazeti lenye mafuta, akasoma kwa sauti: "Waziri asema kila mtoto yuko darasani." Akaguna. "Baba, huyu hajafika huku."

Chilumba aliacha randa ikaanguka. "Nani kakufundisha?"

"Si ni mwalimu! Yeye anamfundisha Mkono, mimi nasikiliza. Mkono hauelewi kitu, baba, lakini mimi naelewa."

Fundi alifurahi mpaka akapoteza busara. Akakimbia na ndara zake mpaka kwa mwalimu mkuu. "Mwalimu, mtoto wangu anasoma! Anasoma gazeti! Mwingizeni sasa, mnangoja nini?"

Mwalimu Tegemea alifunga mlango na kuchungulia chini yake. "Anasoma? Bila kuandikishwa?"

"Ndiyo!"

"Fundi, shusha sauti, utamponza. Huyo ana elimu isiyo yake. Kuna elimu iliyotengwa kwa watoto tisini na sita, sasa yeye ameichota wapi kama si kwenye sehemu ya wenzake? Bwana Mkwabi akijua, mtoto atachukuliwa akatunzwe na Serikali. Na wewe unajua waliochukuliwa wakatunzwe."

Chilumba alijua. Kitopeni ilikuwa na wazazi watatu ambao watoto wao walitunzwa na Serikali, na hakuna kati yao aliyekuwa akipenda kuulizwa habari hizo.

"Nifanye nini?"

"Dirisha lizibwe. Fundi wa kata hii ni wewe."

Akaliziba. Alipigilia mbao saba huku Sikudhani akimshikia moja moja kwa mkono wake. Lakini kati ya ubao wa tatu na wa nne fundi aliacha ufa, upana wa kidole. Ndiyo kazi mbaya pekee aliyowahi kuifanya makusudi, na hakuna kazi nyingine aliyoipenda kama hiyo.

Mwaka wa nne Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Usawa na Yanayofanana na Hayo alitembelea Kitopeni. Watoto walisimama juani tangu asubuhi. Wanne walizimia, mmoja alitapika karibu na kiatu cha Mheshimiwa. Ndani ya darasa akaukuta mkono juu ya dawati, katika sare yake, umekunja vidole vizuri.

"Na huyu?"

"Ndiye wa kwanza kwa miaka mitatu mfululizo, Mheshimiwa," Mwalimu Tegemea akasema.

Waziri aliuzunguka mkono mara mbili. Akauliza unakula nini. Akaambiwa hauli. Akaulizia vitabu, choo, mwalimu wa ziada, akaambiwa hauhitaji. Macho yake yakajaa machozi, na alipopanda jukwaani alisema maneno ambayo redio iliyarudia wiki nzima:

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi tumeulizana, tutawezaje kuwapa watoto wote elimu sawa, wakati watoto wenyewe hawako sawa? Huyu mfupi, huyu ana njaa, huyu ana maswali! Leo Kitopeni imetujibu. Kila mtoto atawakilishwa na mkono wake darasani, mikono yote kipimo kimoja, mbao moja, rangi moja. Huo ndio usawa, ndugu zangu, usawa wa kupimwa kwa rula!"

Watu wakapiga makofi, wengine bila kujua wanapigia nini. Chilumba akaitwa jukwaani, akavishwa skafu na cheo cha Mchongaji Mkuu wa Wanafunzi. Akainama, akanong'ona, "Mheshimiwa, nina binti. Anataka kuingia darasani."

"Ukikamilisha wanafunzi wa shule hii, binti yako ataingia darasani. Naagiza!" Waziri akasema kwenye kipaza sauti, na kila mtu alisikia.

Basi Chilumba akachonga. Mninga ulikwisha, akachonga mkangazi. Mkangazi ukakwisha, wakamletea mbao za masanduku. Kila mikono kumi ilipopelekwa shuleni, watoto kumi walirudishwa nyumbani wakiwa wameshika barua ya pongezi. Mapacha wa jirani yao, Mama Tabu, walirudi siku moja wakicheza na barua zao, wakazifanya ndege. Mama Tabu alikuja mpaka mlangoni pa karakana, akasimama hapo akimtazama fundi.

"Chilumba, wanangu wamekukosea nini?"

Fundi aliinama juu ya ubao. Alimpenda Mama Tabu na watoto wake, na mikono yake iliendelea kupiga randa.

"Unachonga nini, Baba Sikudhani?" mkewe alimuuliza jioni hiyo.

"Nachonga nafasi ya mtoto."

"Angalia usije ukaichonga ikaisha," Bi Asumini akasema, akamwekea chakula, akaenda kukaa upande mwingine.

Mkono wa tisini na sita ulikamilika siku ya Jumatano. Sikudhani alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alimshonea sare kamili, sketi na shati, mkono wa kulia wa shati ukiwa umekunjwa na kushikizwa pini. Baba akatangulia na kikapu cha mikono ya mwisho, mtoto akafuata, wakawafukuza mbuzi, wakapanda ile njia ya mteremko na kuingia.

Darasa lilikuwa limejaa na halina sauti. Mikono ilikaa mitatu mitatu kwenye kila dawati, vidole vimekunjwa. Walimu walikuwa wamehamishiwa Kurugenzi ya Masikio, maana hapakuwa tena na wa kufundishwa, na ubaoni kulibaki somo la mwisho ambalo hakuna aliyelifuta: hesabu ya kugawanya, iliyoishia katikati. Sikudhani alitazama kila kitu. Miaka minne alikuwa amelijua darasa hilo kwa kulisikiliza chini ya dirisha, na mwishowe kwa upana wa kidole. Akaenda kukaa nyuma kabisa, pembeni ya mkono wake mwenyewe wa mninga, na uso wake, baba yake alisimulia baadaye, ulikuwa kama siku ile alipogusa sikio. Akachukua chaki iliyoanguka na kuimalizia ile hesabu juu ya dawati.

Bwana Mkwabi akaingia kukagua. Alihesabu kwa kalamu, safu kwa safu. Akafika nyuma, akasimama, akarudi mbele na kuhesabu tena.

"Tisini na saba. Kuna mmoja kazidi."

"Huyo ni binti yangu," Chilumba akasema. "Mheshimiwa aliagiza aingie darasani. Redio ilitangaza."

"Aliagiza aingie. Ameingia?"

"Ameingia."

"Basi agizo limetekelezwa, nitaandika hivyo. Sasa atoke, nafasi ni tisini na sita."

Fundi akamsogelea afisa. "Toa mkono mmoja, Bwana Afisa. Toa huo wa pembeni yake. Ni wake, nilimchongea yeye!"

"Huu?" Bwana Mkwabi akaugusa mninga kwa upole. "Huyu ana miaka minne ya shule, hajakosa hata siku moja. Binti yako hana hata siku moja. Ungekuwa wewe, Fundi, mtu wa haki, ungemtoa nani?"

Chilumba alitafuta neno la kusema. Maisha yake yote alikuwa amewaachia wakubwa maneno, na sasa alipoyahitaji hakuwa nayo. Sikudhani akasimama mwenyewe, akaweka chaki chini, akapita katikati ya madawati akatoka.

"Wewe baki," afisa akamwambia baba. "Lazima majina yaitwe, na hawa hawana wa kuwaitikia." Akafungua daftari. "Mkono wa Kwanza!"

Fundi alimtazama, kisha akautazama mlango.

"Waitikie, Fundi. Au nimwandike binti yako kwenye orodha ya kutunzwa? Nimeiona ile hesabu aliyoifanya pale. Ni sahihi."

"Yupo," Chilumba akasema.

"Mkono wa Pili!"

"Yupo."

Aliitikia mara tisini na sita. Bwana Mkwabi akafunga daftari, akaridhika, na katika ukimya uliofuata sauti ikaingia kutoka nje, kati ya ubao wa tatu na wa nne.

"Sikudhani Chilumba!" sauti ikaita. Kisha yenyewe ikajiitikia, "Nipo!"

Afisa akageuka taratibu. Akaenda dirishani, akapima ule ufa kwa kidole chake, kikaingia barabara.

"Fundi, hapa ulikosea kazi. Nenda ukazibe, kisha mimi sijaona kitu wala sijasikia."

Chilumba akazunguka nyuma ya darasa na nyundo na kipande cha ubao wa sanduku. Mwanawe alikuwa bado amesimama dirishani katika sare yake mpya. Alimtazama baba, akautazama ubao, akaelewa, kama alivyokuwa akielewa kila kitu bila kuandikishwa. Hakulia. Aliupokea ule ubao kwa mkono wake, akaukandamiza juu ya ufa, akaunyoosha ukae sawa, kama alivyozoea kumshikia karakanani tangu ana miaka minne.

Fundi akaweka msumari na kuinua nyundo. Msumari ulikuwa karibu kabisa na vidole vya mtoto.

"Piga taratibu, baba," Sikudhani akamwambia. "Ninao huu mmoja tu."